Damu Mbili za Nyumba Moja

Walimpiga mke wangu kwa mchi wake mwenyewe, ule wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Nilisikia kishindo kabla ya kuona. Nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Kabambare, na mtu anayeshinda na mashine huzijua sauti za vitu. Kuni ikipasuliwa inalia kikavu. Gunia likitupwa chini linalia kizito. Ile haikuwa kuni wala gunia. Nilizima injini, nikaokota mpini wa jembe, nikakimbia.

Uani nilikuta vijana wa mtaa wamefanya duara. Katikati alisimama mwanangu wa kwanza, mtu mzima mwenye watoto wake, ameinua mchi kwa mikono miwili kama mwanamke anayetwanga. Mke wangu amelala kifudifudi. Alikuwa ameshaacha kulia. Mchi ulimshukia kwenye mapaja, kwenye matako, kwenye mgongo, na kila uliposhuka mwili wake ulinyanyuka kidogo kutoka ardhini.

Sikuuliza neno. Nilimpiga mwanangu mkono wa kulia, mfupa ukaitika, mchi ukaanguka. Nikamwongeza moja ya bega. Vijana wakatawanyika, na wa mwisho nilimpata mgongoni akiwa juu ya ua. Mimi ni mzee, lakini nilibeba mabidoni ya mawese kichwani kutoka hapa mpaka Kasongo kabla hao hawajazaliwa, na shingo ile ninayo bado.

Mwanangu alikaa chini, ameshika mkono wake. Akaniambia, "Baba, unanivunja mkono juu ya muloshi?"

"Nimevunja mkono wa mtu aliyeingia kwangu na kupiga mke wangu," nilimjibu. "Muloshi bado sijamuona."

Sasa nieleze ilivyofikia pale, mpaka mke wangu akaitwa muloshi, yaani mchawi.

Binti yangu, mdogo wake huyo mwanangu, alikuwa mwanamke wa nguvu. Pale mashineni alikuwa anabeba gunia la mpunga bila kumwita mwanaume. Mama yao alikufa zamani, na huyu mke niliye naye nilimuoa baadaye, kwao Wamaza. Binti alikuwa ameshaolewa. Ugonjwa ulianzia mikononi. Kwanza alishindwa kuinua mchi. Kisha alishindwa kuinua mikono afike kwenye nywele zake mwenyewe, akawa anasukwa na watu kama mtoto. Kusimama kutoka kwenye kigoda alikuwa anapanda juu ya magoti yake kwa mikono, hivi, hatua kwa hatua. Macho nayo yakavimba, kope zikawa nyeusi za zambarau, sawasawa na mtu aliyepigwa ngumi.

Kaka yake alipoziona zile kope, alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake na kumtoa meno ya mbele. Shemeji aliapa hajamgusa mke wake. Hakuna aliyemsikiliza. Akamrudisha binti kwangu, akasema hawezi kung'olewa meno kwa ugonjwa asioujua. Binti akakaa kwangu, mbali na mume, na kope zikaendelea kuvimba. Hapo mwanangu angeweza kujiuliza. Hakujiuliza. Mwenye mkono mwepesi hana haja ya kuuliza, na sitasema aliutoa wapi ule mkono, kila mtu Kabambare ananijua.

Muuza dawa mmoja sokoni alisema ni ini. Fundi wa miti, mganga wetu, akamchanja chale mabegani na kumsugua majivu. Mguu wa binti ukazidi kuwa mzito, na mwishowe koo likakataa. Maji aliyokunywa yalimtokea puani. Nikaanza kuogopa, na mimi siogopi ovyo.

Kwetu anayepakua chakula ndiye anayetia mkono wa kwanza. Anaonja mbele ya macho ya mlaji, kisha anasukuma sahani. Watu wengine wanaona ni adabu. Sisi tunajua ni nini. Siku ile mke wangu alipika bugari, ugali wetu, na sombe, akampelekea binti, akamwambia kula mwanangu, miye leo nalipa siku yangu. Wanawake wanajua maneno haya: siku za Ramadhani zilizompita kwa sababu ya damu ya mwezi, anazilipa baadaye, peke yake, wakati nyumba nzima inakula. Amefunga, ataonja vipi? Binti akameza tonge la kwanza, likakwama, akaanguka na macho yakageuka. Walimpiga mgongoni mpaka likatoka. Kaka yake alipofika aliuliza neno moja tu: ameonja? Akaambiwa hapana. Akaenda kuchukua mchi.

Baada ya mimi kumvunja mkono, majirani waliingia na tukakaa kwenye barza kuamua. Mke wangu alikuwa amelazwa kwenye mkeka. Alisema ataapa juu ya Msahafu. Mwanangu akasema waloshi wote wanaapa na wanalala usingizi. Watu wakaguna kumkubali. Niliona wazi kwamba nikitoka pale kwenda sokoni, nitarudi nikute maiti.

Babu zetu walikuwa na mwavi. Mshitaki na mshitakiwa walikunywa wote wawili dawa ya gome, mmoja akitapika amepona, mwingine akianguka basi. Serikali ilikataza, dini ikakataza, lakini kichwani mwa watu haukutoka. Mwanangu aliyefika sekondari, si mimi niliyeishia la tatu, ndiye aliyeutoa tena. Alisema Kasongo kuna labo yenye mashine ya kuona ndani ya damu. Tupeleke wote wawili.

"Aliyepika na aliyekula," akasema. "Meza moja, mikono miwili. Sumu ikionekana, namumalizia pale pale, na weye Baba hautanizuia."

"Na isipoonekana?"

Akatazama mkeka. "Nitakula mukononi mwake."

Watu walisikia wote. Nilikubali, si kwa kuuamini mwavi wake. Mke wangu alikuwa amekojoa kwenye beseni na mkojo ulikuwa mweusi kama kahawa. Wao walinong'ona kwamba sumu yake inamrudia. Mimi niliona kwamba pale pale Kabambare atakufa, na binti naye.

Tulikwenda kwa pikipiki. Ile njia anaijua anayeipita. Binti tulimfunga kwa kikwembe mgongoni mwa dereva kama mtoto, maana mikono haikuweza kushika. Mke wangu hakuweza kukalia mapaja yake, akaenda amelala kiubavu juu ya gunia la maganda ya mpunga, na mimi nyuma nimemkumbatia. Kwenye matope tulianguka, na alipoanguka hakutoa sauti. Mwanangu alitufuata kwa pikipiki ya tatu, mkono umefungwa vijiti. Hakuja kutusaidia. Alikuja kulinda hukumu yake.

Mwenye labo alikuwa mwanamke mfupi wa Kasongo, sauti ya kukwaruza, amesomea Bukavu na hakuficha. Mwanangu alimwambia huu ni mwavi wa aliyepika na aliyekula, anataka mikono yote miwili juu ya meza moja, mbele yake. Yule mama akamtazama, akasema meza ni moja tu, hana nyingine. Akatoa damu ya binti, akatoa damu ya mke wangu, akaziweka chupa kwenye kibao chake. Alipogeuka kuandika, mwanangu akachukua chupa ya mke wangu akaitikisa kwa nguvu, kama mtu anayetikisa dawa ya kikohozi, akaiinua kwenye mwanga kutafuta sumu.

Mwenye labo alimnyang'anya, akaimwaga. "Damu ukiitikisa inapasuka," alimwambia. "Vya ndani yake vinamwagika, na mashine inasoma uongo wako. Toka, baba. Kaa mulangoni utazame kwa macho tu."

Akamchoma mke wangu mara ya pili. Mshipa ulikuwa umeshakimbia, akahangaika naye.

Mimi nilisimama dirishani na nikaona kazi yote, nami ni mtu wa mashine, naielewa mashine. Aliacha damu igande kwanza. Kisha akaiweka kwenye kidude kinachozunguka kwa kasi, na kilipotulia nyekundu ilikuwa imekaa chini, na juu yake maji ya manjano. Hayo maji ndiyo aliyoyataka. Akavuta kidogo sana kwa ncha ya kipimo, akayachanganya na dawa yake kutoka kwenye friji, akayatia kwenye mashine inayoyapa joto la mwili wa mtu na kupitisha mwanga katikati yake. Mashine haikutafuta sumu yoyote. Ilitazama maji yale yanabadilika kwa mbio gani. Mbio zikiwa kubwa, kile kitu anachokitafuta ni kingi.

Akatoka mlangoni, akamwambia daktari aliyekuwa anapita, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba wote wawili imepanda sana.

Mwanangu hakungoja kuuliza ni nini kimepanda. Wote wawili. Kwake hiyo ilikuwa hukumu: aliyeshika sumu imemwingia na yeye kwenye vidole. Aliruka juu ya benchi na kumkaba mke wangu koo kwa mkono mzima, akamgonga kichwa ukutani, na ukuta ukatoa vumbi. Nilimshika ule mkono mbovu juu ya vijiti, nikausokota. Alipiga magoti. Nikausokota tena mpaka akaachia. Wagonjwa wengine walikuwa wameshatoka nje na pamba zao mikononi.

Mwenye labo hakukimbia. Alisubiri mpaka mwanangu apate pumzi. Kisha akauliza, "Huyu mama alipigwa na nani?"

Mke wangu, koo lenyewe limevimba, akanyoosha kidole.

"Na ulimupiga wapi? Mapaja? Mugongo?" Mwanangu akaitikia kwa kichwa. "Basi kile nilichokikuta kwenye damu yake umekitia weye. Si sumu. Iko enzimu, kitu cha kazi, kinakaa ndani ya nyama ya mutu, kinaipa nguvu ya kuvuta na kusukuma. Hakina haki ya kutembea kwenye damu. Nyama ikipondwa, kinamwagika. Umemuponda, kimemwagika. Ule mukojo mweusi mulioniambia ni nyama yake."

"Na dada yangu?" mwanangu akasema akiwa bado chini. "Yeye nani amemuponda?"

"Huyo sijui bado. Sioni alama ya fimbo. Lakini nyama yake inavunjika kuliko ya aliyepigwa."

Hapo mimi nilimwelewa kabla hajamaliza. Injini yangu, kabla haijaanza kulia vibaya, nachovya kidole kwenye mafuta yake na kuyasugua. Nikikuta unga wa chuma, najua chuma kinakula chuma humo ndani, ingawa kwa nje inazunguka vizuri. Mafuta hayakufanya kosa. Mafuta yanatoa habari. Nilimwambia hivyo, akasema ndiyo hivyo hivyo, mzee, isipokuwa kwa injini unabadilisha kipuri.

Akatupa masharti. Tubaki Kasongo. Hakuna kuwakanda, hakuna sindano ya matako, hakuna chale, maana chochote kinachoumiza nyama kitapandisha kile kitu na kumchanganya. Aliyepigwa, asipopigwa tena, damu yake itasafishika yenyewe. Atapima tena. Daktari akamjaza mke wangu maji ya dripu ili figo zisizibe, na mwanangu akafungwa mkono upya.

Mwanangu naye akaweka sharti lake. Alisema dada yake hatakula wala kunywa chochote kilichopitia mkono wa mke wangu. Atampikia yeye. Na kweli alipika, mkono mmoja, uji, akiuonja yeye kwanza mbele ya watu, kisha kijiko kimoja kimoja kwenye mdomo wa dada yake, akimwinua kichwa. Usiku alilala mlangoni. Mke wangu alilazwa jengo lingine. Sitamnyima haki yake: alimpenda dada yake kuliko roho yake mwenyewe, na kwa upendo huo angeua.

Ijumaa tuliyorudi labo, mke wangu alitembea mwenyewe. Binti aliletwa kwa kitanda cha magurudumu. Kichwa kilikuwa kimeanza kumshinda, kinaanguka nyuma. Damu zikatoka, zikaganda, zikazungushwa. Mwanangu alisimama mlangoni na macho yake hayakupepesa.

Mwenye labo alitoka akamwita mbele yangu. Akasema ya aliyepigwa imeshuka, imekaribia ya mtu mwenye afya. Ya dada yake imepanda zaidi ya siku ya kwanza.

"Siku hizi zote nani alimupikia?" akauliza.

Mwanangu akamtazama dada yake.

"Si weye? Wakati mama huyu anapika, ilikuwa chini kidogo. Ulivyoanza kupika weye, imepanda. Kwa mwavi wako, baba, muloshi ni weye."

Nimeona watu wengi wakipigwa. Sijaona aliyepigwa vile. Aligeuka akagonga paji lake ukutani, pale pale alipomgonga mke wangu, mara moja, mbili, damu ikamfika puani, na ikabidi tumshike watu kadhaa. Mwenye labo akaleta pamba. Akamwambia, bila huruma lakini bila hasira, kwamba hata yeye si muloshi. Hakuna mtu.

Daktari ndiye aliyetueleza mengine, maana alishaona zile kope na ile ngozi iliyokakamaa kwenye vifundo vya vidole, na sasa damu imekubaliana na macho yake. Mwili una askari wake wa kuua vidudu. Kwa watu wengine askari hao wanapoteza kichwa, wanawageukia wenye mji. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa mara mbili jambo hilo. Tumewaona askari waliotumwa kutulinda, wakiingia na kuchoma ghala. Binti yangu alikuwa anapigwa mchi tangu msimu wa mvua, kila saa, mapajani, mabegani, kooni, na mpigaji alikuwa yeye mwenyewe. Kuna kipimo kingine cha kujua ni askari gani hasa, hicho hakipo Kasongo, chupa yake ilipelekwa mbali. Hawakungoja jibu. Walimpa dawa ya kuwapiga wale askari wenyewe, vidonge vingi, na wakatuonya kwamba askari wakipigwa sana hata vidudu vidogo vitapita, tumlinde na kila kikohozi.

Dawa ile ilimvimbisha uso na kumnyima usingizi. Lakini maji yakaacha kutoka puani. Kila alipopimwa, maji ndani ya mashine yalibadilika polepole zaidi kuliko mara iliyopita. Koo lake lilipokubali bugari tulipakia pikipiki.

Nyumbani tuliwakuta ndugu watatu wa mke wangu wamekaa kwenye barza yangu na mapanga magotini. Habari ilikuwa imefika Wamaza. Hawakunisalimu. Mkubwa wao aliniambia wamekuja kuchukua dada yao, na kabla ya kuondoka watachukua pia mkono mmoja wa mwanangu, ule mzima, kwa kuwa mwingine nimeshauharibu mimi. Nilimwambia ataanza na wa kwangu. Tukasimama. Mpini wa jembe ulikuwa mlangoni pale nilipouacha.

Mke wangu ndiye aliyepita katikati. Aliwaambia ndugu zake wangoje apike mara moja.

Alichukua shoka. Aliuweka ule mchi juu ya gogo na kuupasua, mwenyewe, mapaja bado yana mabaka ya kijani na njano. Ulikuwa mgumu, na kwa kila pigo alihema. Akawasha moto kwa vile vipande. Sombe alikopa iliyotwangwa kwa jirani. Sote tulikaa kuangalia moto ule, na mwanangu akauangalia kuliko wote.

Alipakua sahani moja. Aliiweka mbele ya mwanangu na kukaa chini uso kwa uso naye. Siku hiyo hakuwa amefunga, maana nilimuona akinywa maji. Mwanangu akanawa kwa mkono wa kushoto, kisha akakumbuka. Wa kulia uko kwenye vijiti, na kwetu mtu hali kwa kushoto.

"Ulisema utakula mukononi mwangu," mke wangu akamwambia.

Akamega tonge la bugari, akaliviringa, akachovya kwenye sombe. Hakuonja. Alilinyoosha mpaka karibu na midomo ya mwanangu. Jasho lilimtoka yule mtu mkubwa, likamshuka kwenye kovu jipya la paji. Binti yangu, kwenye kigoda chake, aliinua mkono kidogo, hadi kifuani, zaidi ya hapo bado haukufika. Akamwambia kaka yake, "Yaya, kula."

Alifungua mdomo. Mke wangu alimlisha tonge la kwanza, akangoja limezwe, akamega la pili. Alimlisha sahani nzima hivyo, bila kuonja hata moja, mpaka akapangusa mboga ya mwisho.

Kisha alinawa mkono, akasimama kwa kushika ukuta, akawaambia ndugu zake, "Nendeni. Miye nabaki. Muniachie panga moja."

Wakamwachia. Liko chini ya kitanda chetu, upande wake, na huwa analinoa.